Pole Iliyomgharimu Nyambura Ploti Yake

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Mweiga, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanirudia. Si ya zamani sana. Mvi nilikuwa nazo tayari, lakini mgongo ulikuwa bado na nguvu, ndiyo maana Nyambura akaniajiri. Alikuwa amefungua biashara ya kutunza wagonjwa majumbani, ofisi yake ikiwa chumba kimoja mjini Nyeri, na kazi yangu ilikuwa kuwainua wagonjwa wazito. Kabla ya hapo nilikuwa nimebeba mizigo ya wapanda mlima Naro Moru na kuosha malori Kenol. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza maswali sijaacha mpaka leo. Nilimuuliza Nyambura kama ana mkataba na jamaa za wagonjwa. Akanicheka.

"Baba, hawa ni watu wetu. Tunaelewana tu kwa mdomo."

Haya. Sikia sasa mdomo ulivyofanya.

Mgonjwa wetu wa Mweiga alikuwa mzee Gachanja, aliyepooza upande mmoja. Aliyelipa ni binti yake aliye ng'ambo, na alikuwa amepatana na Nyambura kwa simu kwamba baba asiachwe peke yake. Lakini aliyeishi pale bomani ni kaka wa huyo binti, Kariuki, na aliyepo ndiye anayetoa amri. Tulimpeleka huko msichana mpole aitwaye Wangechi. Mwanzoni alimlisha mzee na kumgeuza kitandani. Baadaye akawa anaosha vyombo vya boma zima, kisha anachuma sukuma wiki, na kila mtu akamsifu kwamba sasa ni mtu wa nyumbani. Nyambura naye akafurahi!

Asubuhi hiyo mkamuaji wa ng'ombe wa boma alikuwa ametoroka, kama Wangechi alivyonisimulia baadaye.

"Wangechi, kuja ukamue hii ng'ombe," Kariuki akamwita. "Gari ya maziwa iko karibu."

"Na mzee?"

"Si amelala? Kwani ataenda wapi?"

Mzee alienda sakafuni. Nilipofika langoni nilimsikia akilia, na Wangechi akaja mbio na ndoo ya maziwa bado mkononi. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Nyambura akafanya kama tulivyolelewa. Alikusanya akina mama wa kanisa lake, wakajaza viondo unga na sukari, tukaenda kutoa pole. Akasimama katikati ya sebule, akilia. "Kosa ni letu," akasema. "Tusameheni." Kariuki akamshika mkono, akasema hayo yamekwisha. Tukaomba, tukanywa chai, tukarudi mjini roho zikiwa nyepesi.

Kisha ikaja barua ya wakili wa familia ya mzee, ikidai fidia. Nyambura akatafuta wakili wake, mzee mmoja mwenye uso wa mtu aliyeona mengi, nami nikamsindikiza.

"Kuna mahali mliandika kwamba mfanyakazi wako hakamui ng'ombe?"

"Wakili, nani huandika kitu kama hiyo?"

"Bima?"

"Niko na Mungu."

"Hata mimi niko naye, mama, na gari yangu iko na bima. Kule kwa mzee ulisema nini?"

"Nilisema kosa ni letu."

"Nani alisikia?"

"Karibu kanisa nzima."

Wakili akavua miwani. "Mama! Ulienda kutoa pole ama ulienda kujihukumu?"

Akatueleza polepole. Wangechi alikuwa kazini, kwa hiyo uzembe wake unahesabiwa kuwa wa mwajiri. Kariuki angeweza kubeba sehemu ya lawama, lakini sasa anasema alimuuliza Wangechi tu kama ana nafasi, na mashahidi wetu wenyewe wamemsikia Nyambura akijitwika lawama yote. Fidia ikizidi pesa za biashara, akasema, italipwa kwa mali ya Nyambura mwenyewe, hata ardhi.

"Lakini ploti yangu ya Naro Moru inaingiaje hapa?" Nyambura akauliza. "Hiyo ni ya watoto."

"Ulisajili jina la biashara tu, hukusajili kampuni. Jina la biashara ni wewe mwenyewe umevaa koti lingine."

Wakapatana nje ya mahakama. Ploti ikauzwa, ofisi ikafungwa. Na Kariuki? Bado humsalimia Nyambura sokoni kwa mikono miwili!

Sasa wewe, mwanangu, unakuja kwangu na mashine ya kupima presha na kikundi cha WhatsApp, unaniambia umeanza biashara. Biashara gani? Nimechoka kuwaona watoto wetu wakiingia kwenye shimo lile lile huku wakiimba. Nenda kwa wakili kabla hujamgusa mgonjwa wa kwanza. Andika kazi ya mtu wako ni ipi na si ipi, na atie sahihi anayelipa pamoja na anayeishi bomani. Sajili kampuni, ukate bima, na kazi ya muuguzi mpe muuguzi mwenye leseni. Ukisikia mfanyakazi wako anasifiwa kwamba amekuwa mtu wa nyumbani, panda gari siku hiyo hiyo uende uone anafanya nini. Na mgonjwa akiumia, nenda ukatoe pole, ulie nao, ubebe kiondo. Utu usiuache. Lakini kosa ni la nani, hilo usiliseme kabla hujaongea na wakili wako.

Haya, nenda. Mungu aishike mikono yako, na kila mzee utakayemwinua asimame.