Walibomoa ukuta wetu wajenge zigurati hapa Likasi

Wakuu, nawasalimu. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Mama amelala kitandani, ana homa. Mzungu mtalii yuko miguuni pake, anampiga picha. Citoyen Mutonkole, chef de quartier wetu, yaani mkuu wa mtaa, anamwambia, "Mama, usitingishike, utaharibisha ruines."

Ruines, hayo magofu, ni chumba chetu.

Nirudi nyuma.

Ilikuwa wakati wa parti moja, enzi za chama kimoja. Mutonkole aliona kwenye gazeti picha ya zigurati, yale mahekalu ya kale ya Mesopotamia yanayopanda kama ngazi. Akasikia watalii wanayafuata hadi Iraki. Akasema Likasi nayo iwe na yake, ya mababu.

Mababu gani, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Ikapigwa salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Kila nyumba ilete matofali. Baba akapeleka mapya, ya udongo wa kichuguu, tumeyachoma wenyewe.

"Haya ni ya juzi," Mutonkole akasema. "Minye nataka ya kale."

Nyumba yetu ndiyo ilikuwa nzee kuliko zote avenue nzima. Wakang'oa ukuta wa chumba cha mama, upande wa barabara.

Zigurati ikasimama. Sasa mnajua enzi zile mgeni akija kila kitu kinapakwa chokaa, hadi mawe na miti. Mutonkole akaipaka chokaa yote, nyeupe pee.

Mtalii akafika, akaitazama kidogo tu, akaipita. Akaona nyumba yetu. Akauliza hiyo ni ya époque gani.

"Ya kale sana," Mutonkole akajibu, bila hata kukohoa.

Kuanzia siku ile nyumba yetu ikawa patrimoine, urithi wa taifa. Baba akaambiwa avue shati, asimame nje na mkuki kama babu wa kale.

"Citoyen, minye ni soudeur, nachomelea vyuma."

"Leo uko ancêtre, papa. Simama vizuri."

Mvua zikaanza. Tukaomba turudishe ukuta. Mutonkole akakataa, ruines hazitengenezwi. Tukatundika turubai, akatuma watu walitoe, eti linaficha patrimoine.

Mama alikufa kwa kifua kabla mvua hazijaisha.

Nilichojifunza: kiongozi akisifu nyumba yako ni ya kale, ipige plasta siku hiyo hiyo.

Mutonkole yuko hai, yuko Lubumbashi, na watoto wake najua wanasoma humu. Mwambieni aandike hapa hapa, kwa jina lake: lile turubai lilimkosea nini?

Na nyie wengine, kama kwenu palifanywa patrimoine, semeni.