Mikono Isiyomtii Mwenyewe

Mdogo wangu alimwaga chai mbele ya watu saba wa ukoo wetu, nami, niliyemjazia kikombe kwa makusudi, nikamhukumu kuwa mlevi.

Nilikuwa nimekijaza hadi ukingoni ili wote waone. Kikao kilikuwa sebuleni kwangu, Nyasubi, Jumapili baada ya ibada. Baba yetu mdogo, aliye mkubwa wa ukoo tangu wazazi wetu walipofariki, alikuwa amekalia kiti chenye mikono, na wengine walijipanga kwenye makochi na mikeka. Mdogo wangu akanyoosha mkono wa kulia. Vidole vikaanza kucheza kabla havijakigusa kikombe. Akaleta wa kushoto kuusaidia ule wa kulia, na hali ikawa mbaya zaidi. Chai ikamwagika mezani na magotini pake.

"Mmeona wenyewe," nikasema.

"Dada, mimi sinywi."

"Mikono yako inasema vingine."

"Basi iulizeni hiyo mikono inakunywa kilabu gani, maana mimi haijawahi kunipeleka."

Baba mdogo akacheka, kisha akaona uso wangu, akajikohoza. "Ng'wana wane," akamwambia, yaani mwanangu, "ulevi si dhambi ya kufia. Kiri tu, tukale."

Hakukiri. Aliiinamia suruali yake iliyolowa, na mke wake, aliyeketi mkekani na mtoto wao wa miaka mitatu, akaanza kulia bila sauti. Yeye ndiye aliyekuwa na la kupoteza, naye alikwisha kutuambia mapema. Alilelewa na baba mlevi upande wa Mwakitolyo, akaokoka akiwa msichana, akamwahidi Mungu kwamba mtoto wake hatakua chini ya paa la mlevi mwingine. Kama ukoo ungethibitisha kwamba mumewe anakunywa, angemchukua mtoto na kurudi kwao. Ukoo ukathibitisha. Kwa kweli niliyethibitisha ni mimi. Wengine waliitikia kwa vichwa, kwa kuwa mimi ni mwalimu, na mwalimu amesema. Safari ikapangwa iwe Jumamosi.

Sina budi kueleza jinsi mdogo wangu alivyofika kuishi kwangu, maana hapo ndipo kosa lilipoanzia, na kosa hilo lilitoka kinywani mwangu.

Alikuwa akifanya kazi mwaloni, mahali wanapooshea mchanga wa dhahabu, kwa wachimbaji wadogo wa upande wa Bulyanhulu. Mawe husagwa kwenye karasha, unga wake hutiwa maji na zebaki ndani ya beseni, na zebaki huikumbatia dhahabu na kuuacha mchanga. Mchanganyiko huo hukamuliwa kwenye kitambaa, ukabaki mdonge mweupe unaong'aa, pengine mdogo kama punje ya karanga. Mdonge huo huwekwa juu ya moto. Zebaki hupanda kama mvuke ambao jicho haliuoni, na dhahabu hubaki, ya njano, yenye vitundu vidogo. Huko kambini kazi hii hufanyika hadharani, katikati ya vibanda vya pombe na meza za kamari, na mara nyingi anayechoma dhahabu saa kumi jioni huwa hana kitu ifikapo saa mbili.

Sikuwa tayari kuona mtoto wa mama yangu akiishia hivyo. Nilimwita, nikamwambia maneno ninayoyakumbuka yote: "Mtu mwenye mke na mtoto hachomi dhahabu mbele ya makahaba. Panda pikipiki, ilete nyumbani kwangu. Jiko la uani lipo. Funga mlango, ziba na dirisha, uchome kwa heshima, asione mtu." Nilimkumbusha kwamba hata marehemu baba hakuruhusu mgeni asimame zizini akiwakodolea macho ng'ombe. Mali ya kuonyeshwa huita husuda. Hilo tulinyonya na maziwa.

Akanitii. Akahamia kwangu na familia yake, na kwa kuwa alitulia na hakuiba, wachimbaji wenzake wakaanza kumpa na dhahabu zao awachomee. Kila jioni mlango wa jiko ulifungwa, dirisha likazibwa kwa gunia. Mke wake alikuwa humo humo akisonga ugali kwenye mafiga ya pili, mtoto mgongoni. Kila alipomaliza, mdogo wangu alikunywa kikombe cha maziwa, kwa kuwa wachimbaji husadiki kwamba maziwa huiosha sumu. Mimi niliyesoma sikumwambia hata mara moja kwamba maziwa hushuka tumboni na mvuke huingia kwa pua. Niliridhika. Nilijisifu kwa walimu wenzangu kwamba kwangu hakuna mambo ya kambini.

Baada ya miezi kadhaa akabadilika. Akawa anasahau alikoweka viatu. Akawa mwenye haya kupita kiasi. Mgeni akibisha hodi, yeye hupitia mlango wa nyuma. Akimkemea mtoto kwa jambo dogo, dakika moja baadaye humbeba na kumwomba radhi. Alilalamika ladha ya chuma kinywani. Na mikono ikaanza kutetemeka, kwanza vidole, baadaye hadi kiwiko. Mimi nilizijua dalili hizi zote, au nilidhani nazijua: hivi ndivyo alivyokuwa mume wa shangazi yetu kabla gongo halijammaliza. Nilinusa mdomo wake mara tatu, akiwa amesinzia, kwa siri kama mwizi. Sikunusa kitu. Nikajiambia amejifunza kutafuna majani ya mpera ili kuua harufu.

Wiki ile baada ya kikao nilikuwa na zamu ya kufundisha mfumo wa fahamu. Nimelifundisha somo hilo zaidi ya miaka ishirini na ninaweza kuuchora ubongo ubaoni bila kugeuka kutazama kitabu: ubongo mkubwa ulio makao ya fikra na nia, ubongo mdogo nyuma yake unaoulainisha mwendo ili mkono usikipite kikombe wala usiishie njiani, kisha ugwe mgongo unaoshuka kama mzizi mkuu, na neva zinazoenea hadi kwenye kucha. Hueleza kwamba ujumbe hupita kwenye neva kama msisimko wa umeme, na kwamba kati ya seli moja na nyingine pana mwanya mdogo ambao ujumbe huvushwa kwa kemikali. Huwaambia wanafunzi kwamba mkono ukiligusa jiko la moto huondolewa kwa amri ya ugwe mgongo, kabla ubongo haujapata habari. Tendo hilo si la hiari. Kuiba karanga za mwenzako ni la hiari. Hapo kila mwaka hutua, nikatoa mawaidha marefu, maana naamini kwamba mwanadamu hupimwa kwa yale ya hiari, na kwamba wengi hujificha nyuma ya yale yasiyo ya hiari.

Binti mmoja wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, kutetemeka ni hiari?"

"Inategemea mtu amejitia nini mwilini," nikamjibu, nikafuta ubao.

Jibu lilikuwa sahihi. Hilo ndilo linalonichoma.

Siku hizo sikuweza kutulia. Nilikuwa nikisahihisha madaftari nikiwa nimesimama, nikitembea toka dirishani hadi kabatini. Usingizi ulinikataa tangu mwezi wa pili. Nililaumu kazi, nililaumu joto, nikamlaumu mdogo wangu, hasa yeye.

Alhamisi nilirudi mapema nikamkuta wifi yangu barazani na sanduku lililofunguliwa. Alikuwa akishona kifungo cha gauni la mtoto la safari. Nilisimama nyuma yake. Akaulowesha uzi kwa ulimi, akauelekeza kwenye tundu la sindano, ukapita kando. Akarudia. Uzi ukagonga kidole. Mara ya nne akaishusha sindano mapajani.

"Wifi, nitungie," akasema. "Macho yangu siku hizi hayaoni."

Nikaipokea sindano. Macho yake hayakuwa na kasoro. Alikuwa ameniona nikiingia getini, tena akaniambia nina chaki shavuni. Nikamshika mkono, nikaufungua kiganja. Vidole vilikuwa vikicheza kama majani ya mtama kwenye upepo mdogo.

"Hii imeanza lini?"

"Hofu tu, wifi. Hofu ya safari."

"Nimeuliza imeanza lini."

"Masika." Akauvuta mkono wake. "Usinitazame hivyo. Mimi hata soda ya tangawizi sinywi, nasikia inawasha kama pombe."

Mwanamke aliyeokoka, asiyegusa hata soda, alikuwa na mikono ya mume wake. Niliingia ndani nikakifungua kitabu kimoja cha zamani cha mafunzo ya afya, nikasoma nimesimama. Hapakuwa na fumbo. Mvuke wa zebaki huingia mapafuni, hupita kwenye damu, huufikia ubongo na kutuama humo. Hutetemesha mikono. Huleta hasira za ghafla, haya, usahaulifu, kukosa usingizi. Mtoto huumia kuliko mtu mzima, kwa kuwa ubongo wake bado unajengwa. Nilikuwa na kitabu hicho rafuni muda wote ambao gunia lilikuwa dirishani.

Nje nikasikia pikipiki ikizimwa. Nilipofika uani mlango wa jiko ulikwisha kufungwa. Nikausukuma. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa, kifuniko cha kopo la samaki juu ya makaa, mdonge bado mweupe.

"Toka humo."

"Umekuja kuninusa mdomo, dada? Nilikuwa naamka kila ulipoinama. Njoo, nusa na mchana." Akafumbua kinywa. Alinukia mkaa na maziwa.

Nililinyanyua lile jiko la mkaa kwa mikono miwili nikalitoa uani, likaniunguza, makaa mawili yakaanguka mchangani.

"Dhahabu ya watu hiyo!" akapiga kelele. "Umerukwa na akili?"

"Mkeo anatetemeka."

Akasimama mlangoni. Hasira ilimtoka usoni, pasibaki kitu mahali pake. "Sikuona," akasema. "Kwangu mimi siku hizi kila kitu kinatetemeka."

Nikamweleza: sindano ya mkewe, zebaki, mapafu, damu, ubongo mdogo. Nilisema haraka na vibaya, mimi ninayefundisha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi nasema sinywi miezi yote hii, huniamini," akasema. "Sindano imesema mara moja, umeisadiki."

Ijumaa tulikwenda wote wanne hospitalini, tukatoa mikojo ipimwe. Daktari, kijana mwenye subira, alimuuliza mdogo wangu kama anakunywa pombe, akajibu hanywi, na daktari akaandika hivyo hivyo bila kuinua kichwa. Nilitazama kalamu ikiandika. Alituambia kwamba dawa ya kwanza ni kuukimbia moshi, kwamba mtoto aletwe kila mwezi, na kwamba mikono huenda ikatulia na huenda isitulie yote. Kisha akanigeukia, akauliza kama nami nalala nyumba hiyo. Nikasema chumba changu kinapakana na jiko.

"Usingizi je, mwalimu? Hasira? Kukosa utulivu?"

Mdogo wangu akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Huyu usimhesabu, daktari. Huyu alizaliwa hivyo."

Wifi yangu naye akacheka, mkono mdomoni. Mimi sikuweza. Tangu siku ile watu wanaonitakia mema wamenipa udhuru: kwamba hukumu yangu ilitoka katika ubongo uliokwisha kuguswa na moshi. Siupokei. Sijui ni kiasi gani cha ukali wangu ni cha zebaki na kiasi gani ni changu, na hakuna kipimo cha mkojo kitakachonitenganishia. Lakini kikombe nilikijaza kwa hiari.

Jumamosi hakusafiri mtu. Jumapili nikawaita tena watu wale saba. Baba mdogo alitaka tuyamalize barazani. "Yamekwisha, mwanangu, mtoto haendi popote, tuchinjiwe kuku." Nikasema hayajaisha. Nikasimama mahali niliposimama mara ya kwanza, nikasema kwamba mdogo wangu hajawahi kunywa, kwamba sumu iliingia nyumbani kwa amri yangu na kwa kufunga mlango niliouamuru ufungwe, na kwamba karibu nimvunjie nyumba yake kwa uongo niliouita ushahidi. Mtu mmoja akaguna, "Hata mwalimu." Baba mdogo akamuuliza wifi yangu kama bado ana nia ya kurudi Mwakitolyo.

"Ahadi yangu ilikuwa juu ya mlevi," akajibu. "Mlevi hayupo. Lakini humu ndani sitapika tena."

Hakuna aliyembishia. Daktari alikwisha kusema kwamba kuta za jiko lile zimeinywa zebaki. Jumatatu wakapata chumba cha kupanga mtaa wa pili, na wifi akaapa kwamba mumewe akichoma tena, hata porini, atamwacha kwa sababu mpya. Mwaloni wanamcheka mdogo wangu kwa kuiacha kazi hiyo. Sasa anabeba magunia ya mchanga, kwa malipo kidogo.

Siku ya kuhama wifi alitangulia na mtoto na ndoo ya vyombo. Mdogo wangu akabaki na godoro. Nikashika upande mmoja, akasema, "Acha, dada, nitaweza." Akajaribu, likamponyoka. Nikashika tena, safari hii akaniachia. Tukaenda nalo mtaani, tukisimama kila baada ya hatua chache, kwa sababu mikono yake ilikuwa bado haimtii. Yangu sikuitazama.