Maduara Mekundu Katika Kibanja cha Kokubanza

Projest alikuwa mtu wa Muleba, Mlutheri wa kaptula iliyonyooshwa na penseli iliyochongoka, na mwaka 1953 kazi yake kule Kamuli ilikuwa kupima magugu. Watu walimcheka. Magugu hung'olewa, walisema, nani aliyasikia yakipimwa? Yeye hakujali. Alipita kibanja kwa kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, na kamba yenye mafundo, na kila alipokuta lumbugu, ile nyasi ya mizizi mirefu inayodhoofisha migomba na kahawa, alitia wekundu kwenye karatasi yake ya miraba. Alijivunia ramani zake, tena sana.

Asubuhi ile hakujivuna. Kibanja kilikuwa cha Kokubanza, mjane wa miaka hamsini hivi, na nyuma yao alitembea Gaudiosus, ndugu wa marehemu mumewe, mikono mgongoni. Gaudiosus alikuwa amepeleka shauri kwa katikiro, msaidizi wa mtemi, akidai kwamba shemeji yake ameshindwa kulima na kibanja kirudi kwa ukoo. Katikiro alisema ataamua Jumamosi, akishaiona ramani. Ikionekana kwamba mama amekitelekeza kibanja, ataondoka.

"Shikamoo, mama," Projest alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Pima tu. Nalima kila siku, lakini nyasi hii ina kiburi."

Kokubanza akashika ncha ya kamba kwa viganja vilivyojaa malengelenge. Walianzia mpakani. Pakawa safi. Wakaingia kwenye migomba, napo safi. Projest akashangaa, maana lumbugu hutambaa kutoka pembeni, hairuki. Walipofika kwenye kahawa ndipo wakaikuta, imeuzunguka mti wa kwanza kwa upana wa hatua tatu. Mti wa pili, hatua tatu. Wa tatu, vilevile.

"Andika, Bwana Shamba," alisema Gaudiosus. "Au penseli imekwisha?"

Projest akatia wekundu. Hatua tatu zile alizipima yeye mwenyewe. Mwaka juzi afisa mzungu alikuwa anakuja, naye alikichagua kibanja hiki kiwe shamba la mfano, akataka kila mti wa kahawa uwekewe matandazo mazito ya hatua tatu. Desturi ya huku ni kukata nyasi ya rweya, yaani uwanda wa wazi, kwa mundu, kisha kuikausha juani ndipo itandazwe. Projest aliona watachelewa. Akaamuru ing'olewe na mizizi na itandazwe mbichi. Kokubanza alisita, akasema mama mkwe wake hakuwahi kufanya hivyo, naye akamjibu kwamba mambo ya zamani yamepita. Mzungu alikuja, akasifu, akaenda zake. Mizizi ya lumbugu ilibaki, ikachipua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Gaudiosus alipotangulia mbele kidogo, Projest aliinamisha kichwa. "Mama, unaikumbuka ile nyasi niliyokuletea?"

"Naikumbuka."

"Mbona hukumwambia katikiro?"

"Nimwambie Bwana Shamba ndiye aliyeharibu? Nani angeniamini mimi?"

Siku tatu zilizofuata Projest hakula vizuri. Aliogopa, na tusimcheke kwa hilo. Mwenzake aliyemtangulia alifukuzwa kwa kosa dogo kuliko hili, na Eustadia, mkewe Projest, alikuwa mjamzito wa miezi saba. Akachora ramani mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kweli. Katika ya pili aliupaka wekundu upande mzima wa kahawa, maduara yasionekane, na kwa hiyo hakuna ambaye angeuliza lolote.

Jumamosi aliingia barazani na zote mbili mfukoni. Kokubanza alikuwa ameketi chini karibu na mlango, shuka lake jipya mabegani, kama mtu aliyevaa kwa safari. Projest akatoa ya kweli.

Katikiro aliigeuza huku na huku. "Magugu gani haya yanayoota kwa duara?"

"Ya kupandwa, bwana."

"Kayapanda nani?"

Gaudiosus akainua shingo. 

"Mimi," alisema Projest, na akaeleza yote, tangu mzungu hadi mundu. "Pale ambapo mkono wangu haukufika, kibanja cha mama huyu ni safi kuliko vyote nilivyopima."

Katikiro aliamua palepale kwamba kibanja ni cha Kokubanza. Barua ya kumwachisha kazi Projest haikungoja mwezi uishe.

Projest alikwenda kumuaga Kokubanza. Akamkuta anachimba chini ya mti wa kahawa, wala hakusimamisha jembe.

"Umenitetea, mwanangu, na adha hii uliileta wewe. Sijui nianze na shukrani au lawama."

"Anza na lawama, mama."

Akaanza. Alimlaumu kwa miti minne mizima, bila kumwonea haya, na Projest alipiga magoti kando yake akichomoa mizizi kwa vidole, mmoja mmoja, asije akaukata ukachipua upya. Walipofika mti wa tano Kokubanza aliegemeza jembe, akaingia ndani kumenya ndizi za watu wawili.