Maji ya Kobe Kwanza

Nilipochimba tangi la chini ya ardhi katika ploti yangu ya Kitengela, majirani walisimama nje ya seng'enge wakauliza ninamchimbia nani kaburi. Niliendelea kuchimba. Nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya tisini na diploma ya uuguzi niliyoilipia mwenyewe kwa kuogesha wazee wa watu, na nilijua jambo moja ambalo wao hawakulijua: njaa huua polepole, kiu haina subira. Tangi likajengwa kwa mawe na saruji, maji ya paa lote yakaelekezwa humo, na mvua zilipokuja likajaa hadi mfunikoni. Visima vya upande ule hutoa maji ya chumvi, na watoto wanaokulia huko huota meno ya rangi ya chai. Mimi nilikuwa na maji matamu, na hapakuwa na mume wala kaka aliyenishikia hata koleo.

Kobe nilimpata pamoja na ploti. Mafundi wa seng'enge walimkuta chini ya mgunga, ana madoadoa, mkubwa kama karai la mjengo lililopinduliwa, mzito karibu na nusu ya mfuko wa saruji. Fundi mmoja alitaka kumsukuma nje kwa mguu. Nilimwambia kila kilicho ndani ya waya ni changu, na mguu wake auweke chini kabla sijampa kazi mwingine.

Mtaa ule mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, na mimi sikuwa na mtoto. Basi wakaniita Mama Kobe. Walianza kunisengenya hivyo kwa siri, wakaja kuniita usoni, mwishowe wagonjwa wa zahanati yangu wakadhani ndilo jina langu. Niliitika. Nilikuwa na nyumba ya mawe na zahanati yenye vitanda, wao walikuwa wanapanga chumba na kumwogopa kereteka anayekusanya kodi. Wangeniita wapendavyo.

Watu wengi hufuga kobe na kumwua kwa ujinga, kwa hiyo nitaeleza nilivyomtunza. Nilimjengea birika la saruji lililozama ardhini, lenye mteremko ili aingie na kutoka mwenyewe, na kina chake hakikupita kidevu chake. Asubuhi kabla jua halijawa kali nilimwagia maji ya vuguvugu, naye aliingia polepole, akainamisha kichwa mpaka pua ikazama, na koo likaanza kupiga kama pampu ndogo. Kobe hanywi kidogo kidogo kama kuku. Hunywa kama mtu aliyetoka safari. Kibanda chake cha mabati nilikiezeka nyasi juu, maana bati tupu lingemwoka, na udongo wa ndani niliunyunyizia maji kila siku. Sukuma wiki nilimpa ikiwa inachuruzika maji.

Mkojo wake niliukagua kama nilivyokagua wa wazee kule. Kobe mwenye maji mwilini hutoa kitu cheupe, laini kama uji mwepesi. Akiwa na kiu kinakuwa kigumu, cha kukwaruza kama chokaa. Na jambo kubwa kuliko yote ni hili: kobe hainuliwi ovyo. Kibofu chake ndicho tangi lake. Wakati wa kiangazi huishi kwa maji aliyoyaweka humo, na akishtuka, akiinuliwa juu miguu ikikosa ardhi, huyaachilia yote kwa mara moja. Nilimwambia kila aliyeingia getini. Niliwaambia kwa Kiswahili, na waliojifanya hawasikii niliwaambia kwa Kiingereza.

Kisha katikati ya miaka ya elfu mbili ukaja ule ukame. Kutoka Kisaju hadi Kajiado, ng'ombe walilala kando ya barabara ya Namanga. Wenyewe waliwashika mikia na pembe kuwasimamisha, wakasimama kidogo, wakaanguka tena. Mikokoteni ya punda ilileta maji ya chumvi tu. Hapo ndipo wale walioniuliza habari za kaburi walipokuja na mitungi. Sikuuza maji. Kila nyumba niliipa mtungi mmoja kwa siku, bure, wa kupikia chai na uji wa watoto. Waliniambia asante, Mama Kobe, wakaenda.

Mama yangu alikuwa kwangu wakati huo. Alikuja kutoka kwetu magharibi kwa ajili ya goti lake, nami nilimtibu vizuri kuliko hospitali yoyote ambayo angepelekwa na kaka zangu. Goti lilipona, ulimi haukuwa mgonjwa tangu mwanzo. Kila asubuhi alivuta kiti barazani akanitazama nikimnywesha kobe.

"Wenzako saa hii wanaogesha watoto," alisema.

"Wenzangu saa hii wako kwa foleni ya maji yangu, Mama."

"Ulienda ng'ambo ukaosha wazungu makalio, sasa umerudi kuosha mawe."

"Na hayo makalio ndiyo yamejenga hicho kibaraza umekalia."

Alicheka. Tulikuwa tukiongea hivyo tangu nilipoota meno. Lakini siku za Jumatano alienda kwa maombi ya akina mama, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa mwenyekiti wa kikundi. Huyo mwenyekiti alikuwa mke wa mwalimu, mtu wa kwetu magharibi, mama wa mapacha wachanga, mwenye sauti ya kufungua geti lililofungwa. Kila aliporudi kutoka huko mama alimtazama kobe kwa jicho jipya. Siku moja akaniuliza kama nilianza kukaa na kobe kabla au baada ya kuachana na mwanamume niliyewahi kukaa naye Nkoroi. Nilimwambia yule mwanamume alikuwa na kichwa kidogo kuliko cha kobe. Hakucheka.

Kwa sababu ya leseni ya zahanati nililazimika kwenda Kajiado kwenye ofisi za serikali. Nilimwachia mama maagizo: kobe yuko kivulini, asiguswe. Maji yake amekunywa. Asiguswe.

"Nimesikia," alisema. "Mimi si kiziwi, ni mzee."

Nilirudi alasiri jua likiwa bado linachoma. Nilisikia wimbo kabla sijafika getini. Ndani ya ploti yangu walikuwa wanawake wa maombi, kama sita, na katikati yao wanne walikuwa wamemshika kobe wangu juu, amelala chali kwenye leso, miguu yake ikitafuta ardhi hewani. Mwenyekiti alikuwa amemwekea mkono tumboni akikemea. Mama alisimama pembeni na viganja wazi. Na wakati huohuo nilipoingia, kobe akaachilia. Maji yakamwagika kwenye leso, kwenye viatu, kwenye vumbi, mengi, na vumbi likayanywa yote.

"Limetoka!" mwenyekiti akapaza sauti. "Limetoka, akina mama! Mmeona kwa macho yenu!"

Vigelegele vikapigwa. Mama akapiga magoti na lile goti nililolitibu mimi.

"Mwekeni chini," nilisema.

"Dada, furahi! Kilichofunga tumbo lako kimetoka, hii hapa, tumeona."

"Hilo ni kojo, mwanamke. Hayo ni maji yake ya mwezi mzima. Mwekeni chini kwa miguu yake, si hivyo, geuzeni!"

Walimgeuza wakamwangusha kwa kishindo. Kichwa na miguu vikaingia ndani. Niliwafukuza wote kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, na mmoja wao aliacha kiatu, nami nikakirusha juu ya seng'enge kikamfuata.

Mama alisema, "Nimefanya kwa ajili yako."

"Najua," nilisema. "Ndiyo maana sijakurusha wewe."

Kobe hakunywa jioni ile wala kesho yake. Nilimwongoza hadi birikani, nikamsukuma taratibu bila kumwinua, akakaa ndani ya maji kama mtu aliyekaa kwenye mkutano wa siasa, kichwa ndani. Macho yalianza kuzama. Ngozi ya shingo ilikunjamana na nilipoibana ilibaki imesimama, haikurudi. Nimeona ngozi hiyo kwa watu, najua kinachofuata. Kitu kidogo alichotoa kilikuwa kigumu kama chokaa. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza, na sikuhitaji wa kumwuliza. Alihitaji kulowekwa mara nyingi kwa siku, maji yakimwagwa polepole mgongoni na kichwani, yasiwe baridi, mpaka ashawishike. Zahanati ilijaa watoto wa kuhara. Nisingeweza kuwa mahali pawili.

Ndipo nikaweka sheria yangu. Asubuhi foleni ilipojipanga nilisimama kwenye mfuniko wa tangi nikasema: kila mwanamke wa kile kikundi anayetaka mtungi wake atapiga magoti kwanza penye birika, na kikombe, ammwagie kobe polepole mpaka nitakaposema basi. Ndipo achote. Wasio wa kikundi wachote kama kawaida.

Jirani yangu wa Kimaasai, mama mtu mzima ambaye hakuwa na habari na maombi yao, alicheka akashika mbavu. "Sasa kobe yako imekuwa chifu," alisema. "Hata DO, mkubwa wa chifu, hatujawahi pigia magoti."

"DO hajawahi kunyimwa maji yake," nilimjibu.

Walinung'unika. Mmoja alisema heri yeye afe kwa kiu. Nikamwambia kufa ni haki yake, foleni isogee. Alipofikia zamu yake alipiga magoti. Wote walipiga, mmoja mmoja, asubuhi na jioni, na kobe akapata wauguzi wengi kuliko mgonjwa yeyote wa Kajiado. Lakini hakunywa.

Mwenyekiti hakuja. Alinunua maji ya punda akawapikia mapacha uji wa chumvi, na mume wake mwalimu alipita langoni kwangu akitazama upande mwingine. Kisha mapacha wakaharisha. Nilijua, maana aliwaleta zahanati, nikawatibu kama watoto wengine. Kazi ni kazi. Nilimwambia wapewe maji matamu, mengi. Alinitazama.

"Utanipa?"

"Foleni unaijua."

Asubuhi iliyofuata alikuja, pacha mmoja mgongoni, mtungi mkononi. Foleni ikampisha. Mama alisimama barazani.

"Mpe mtoto wa mwenzako maji," mama alisema.

"Maji yapo, Mama. Njia ni hiyo."

"Wewe mtoto, umekuwa mbaya."

"Nilifunzwa na mwenye uwezo."

Mwenyekiti alipiga magoti. Alichota kikombe akamwaga. Akamwaga tena. Machozi yalimtoka, sikuyafuta, wala sikusema basi mapema kuliko nilivyowaambia wengine. Alimwaga mpaka jua likapanda na mtoto mgongoni akaanza kulia. Na hapo, chini ya mkono ule ule uliomkemea, shingo ikatoka. Kobe akanusa maji, akazamisha pua, na koo likaanza kupiga.

Nilikuwa nimefungua kinywa ili niseme nilichokuwa nimekitayarisha. Mwenyekiti akaniwahi. Aliinuka na magoti yake ya matope, mikono juu.

"Mmeona? Tulikitoa kile kibaya, sasa mnyama mwenyewe ni mzima! Anakunywa! Bwana asifiwe!"

"Asifiwe!" foleni nzima ikajibu, hata walionung'unika juzi. Na mama akasema amina.

Nilimjazia mtungi nikamwambia, "Kesho saa hizi hizi."

Mchana, tukila, mama alisukuma sahani. "Nipeleke kwa basi. Siwezi kunywa maji ya hii nyumba."

"Umeyanywa miezi yote."

"Sikujua yanapigiwa magoti." Akafuta mikono. "Utazeeka wewe. Sijui nani atakupa kikombe."

"Wale wazee niliowanywesha kule, Mama, wote walikuwa na watoto."

Alifunga leso yake. Kesho yake nilimsindikiza hadi barabara ya Namanga, nikambebea mzigo, nikamwekea chupa ya maji ndani ya kikapu. Aliitoa akaiweka chini kando ya barabara kabla ya kupanda.

Kobe alipona kabla ukame haujaisha. Macho yalijaa, ngozi ya shingo ikarudi nilipoibana, na kile kitu cheupe kikawa laini kama uji. Aliingia birikani mwenyewe asubuhi na kutoka mwenyewe, wala hakuhitaji kumwagiwa tone na mtu yeyote. Akina mama wa maombi waliendelea kuja, wakapiga magoti, wakamwagia. Hawakujua kusoma dalili, na mimi ndiye niliyekuwa na diploma. Niliwaacha wamwagie mpaka siku mvua iliponyesha.