Ruhusa ya Kubakisha Chakula

Wiki iliyopita tulimzika mama aliyeuza sweta sokoni Roret tangu nikiwa mtoto. Alikuwa amekula chumvi nyingi, akafa usingizini, na siwezi kujifanya nina huzuni kubwa. Wazazi wake walihamia huku kutoka Murang'a, na ingawa alilelewa kati yetu, moyoni alijiona kama mpangaji. Siku zisizo za soko alizungusha sweta zake nyumba kwa nyumba kwenye mashamba ya majani chai, na msomaji wangu unajua desturi yetu: hakuna biashara kabla mgeni hajala. Huletewa kimyet, ule ugali wetu mgumu, na mlima wa mboga, na akibakisha ametudharau.

Kisukari kilipoharibu mishipa ya fahamu ya tumbo lake, chakula kikawa kinakaa humo hadi kesho yake. Asubuhi alitapika mboga za jana mchana. Daktari alimweleza vizuri: adhibiti sukari, kula kidogo kidogo mara sita kwa siku, vyakula laini visivyo na mafuta wala nyuzinyuzi nyingi, meza kidonge nusu saa kabla ya kula, kisha tembea. Kutembea alitushinda sote, na kidonge hakusahau. Sahani za watu ndizo alizoogopa kukataa, asije akaambiwa ni mgeni mwenye maringo. Mara mbili alilazwa, mwili umekauka maji. Nakiri kwa aibu kwamba mimi pia nilimwongezea mboga, nikimwambia amekonda.

Siku moja, kwa bibi mmoja jirani yangu, sahani ilipowekwa mbele yake alianza kulia. "Kogo," alisema, kama tunavyowaita nyanya zetu, "hii tumbo yangu haisukumi chakula. Ile ya jana bado iko." Bibi akaivuta ile sahani. "Na miaka hii yote unakula tu? Mwenye analazimishwa ni mgeni. Wewe ni wa hapa. Kula yenye inakutosha." Akamletea uji mwepesi, nusu kikombe. Habari ikaenea, na kila boma likampimia nusu kikombe. Hakulazwa tena kwa ajili ya tumbo, na kwa miaka mingi aliendelea kutubana kwa bei. Siku hizi, kabla sijapakua, namuuliza mtu anaweza kula nini. Daktari alikuwa amempa matibabu yanayofaa. Sisi ndio tuliochelewa kumpa nafasi ya kuyafuata.