Mjinga Niliyemtia Akili

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1957, saa nane mchana, nilikuwa katika stoo ya shamba la kahawa huko Ruiru, nikiwasomea wanawake saba hadithi niliyoitunga mwenyewe. Nilikuwa mwanafunzi wa ualimu Thika. Kila Jumamosi nilikwenda kuwafundisha kusoma, na siku hiyo chaki ilikuwa imekwisha.

Hadithi ilimhusu mjinga aliyepasuliwa kichwa na daktari wa majaribio, akapandikizwa akili ya msomi. Kwa kurasa nne aliwashinda mahakimu kwa hoja. Katika ukurasa wa tano akili ilinyauka, naye akarudia ujinga wake. Mwisho huo niliuona mzuri kwa kuwa ulikuwa wa huzuni. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini.

"Huyo wa ukurasa wa tano namjua," mama mmoja alisema. "Nimemwacha nyumbani amelala."

Wote walicheka isipokuwa tata, dada ya baba yangu. Kazi yake kitaluni ilikuwa kubebesha miche ya kahawa: kuunga kitawi cha mche mmoja juu ya shina la mwingine. Alikuwa ameahidiwa unyapara wa kitalu iwapo angeweza kusoma vibao vya miche kabla ya Krismasi. Kwa miezi minne alikuwa amepata herufi kumi.

"Daktari wako alikata maotea?" aliniuliza.

"Maotea gani, tata?"

"Yanayochipuka chini ya kiungo. Usipoyakata kila wiki, shina la zamani hujirudisha na ulichokiunga hufa. Hakukata?"

Nilikiri kwamba hakukata. Sikuwa nimempangia kazi hiyo.

"Basi, mwalimu, kama akili iliyotiwa kwa kisu haikukaa, hii yangu ya chaki itakaa wapi?"

Akajifunga leso, akaondoka.

Jumamosi tatu zilizofuata hakuja. Kambi yake ilikuwa ng'ambo ya mto, na pasi niliyopewa kwa sababu ya Hali ya Hatari iliishia hapo stoo. Nilimpelekea barua kwa mkono wa yule mama mwenye mume wa kulala. Iliniweka mezani siku tatu, kwa kuwa nilikuwa nimeazimia kutumia zile herufi kumi peke yake, ili asihitaji mtu wa kumsomea. Niliiandika kwa maandishi makubwa:

"Tata, mtu alikata maotea. Akili imekaa. Keti nami tena."