Nyuma ya Jeneza la Seremala

Mume wangu alikuwa seremala, na kitu alichokichukia kuliko msumeno butu ni kengele. Sote wawili tulilelewa nayo pale misheni Bagamoyo, tukiwa watoto waliokombolewa utumwani, hatujui kwetu ni wapi wala nani alituzaa. Kengele ilituamsha, ikatupeleka kanisani, ikatupeleka shambani, ikatulaza. Tulipokwisha kuoana akaanza kuniambia kwamba hajui kama yeye ni Mkristo au ni mtu mwenye masikio mazuri tu. "Nataka kukaa mahali pasipo na kengele," alisema, "nione kama nitapiga magoti mwenyewe."

Ndivyo tulivyohamia Mlingotini, miaka michache kabla ya vita vya Wadachi, hao Wajerumani. Padre hakupenda. Alituambia imani yetu itayeyuka kama chumvi majini. Mume wangu akacheka, akajitwisha sanduku lake la vyombo vya kazi, tukaondoka. Nyuma tuliacha kaburi moja dogo, la mtoto wetu wa pekee.

Mlingotini wote walikuwa Waislamu. Walituangalia kwanza, kisha wakaanza kuagiza vitanda. Kuku akichinjwa kwetu, mume wangu hakumchinja yeye; kisu alimpa kijana wa nyumba ya jirani, ili nyama iweze kuliwa na kila mtu. Padre angesikia angenuna wiki nzima. Mama wa kijana huyo alikuwa mjane wa makamo, na nyumba yake na yetu zilitenganishwa na ukuta wa makuti tu. Mwezi wa Ramadhani aliniletea futari, nami sikurudisha sahani tupu. Kila asubuhi nilimpa shikamoo naye akaniitikia marahaba mwanangu. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita mwanangu, ukiacha mapadre, na wao humwita hivyo kila mtu.

Jioni tulisali rozari, na sala ya kila punje tuligawana: mimi nusu ya kwanza, yeye nusu ya pili. Sauti yake ilikuwa nzito, na njaa ikimbana aliharakisha. Kanisa letu lilikuwa hilo, watu wawili juu ya mkeka katikati ya maranda ya mbao.

Akashikwa na homa, na asubuhi moja akafa. Alikuwa ameniomba jambo moja tu. "Nipeleke kwa mtoto."

Wanaume walikuja bila kuitwa. Wengine waliguna waliposikia anakwenda kuzikwa misheni, lakini mwalimu wa chuo cha Kurani akawanyamazisha. "Jeneza la msikiti amelichonga yeye," alisema. "Leo atalilalia. Tutambeba mpaka kwa padre wao."

Nikasema nami nitakwenda. Pwani mwanamke hafuati jeneza, na mjane ndiye asiyetoka kabisa. Hukaa eda ndani miezi minne na siku kumi, na wanawake wenzake huja kukaa naye.

Jirani yangu akanivuta chumbani. "Mwanangu, kaa. Watamfikisha. Sisi tutakuwa nawe hapa, tutakupikia, tutalala nawe humu humu. Hutakuwa peke yako hata siku moja."

"Na nikienda?"

"Ukienda, nani atakuja kukaa na mjane aliyeonekana barabarani? Hata mimi watu watanisema."

Nilitaka kukaa. Nilitaka sana. Sikuwa na mama, sikuwa na dada, na hapo nilikuwa napewa nyumba nzima ya mama na dada kwa kukaa tu. Lakini kila nikimfikiria yule mtu akienda kaburini, amezungukwa na watu wema wasiojua hata sala yake moja, roho ilinikataa. Nikajifunga kaniki, nikatoka. Jirani aliinama akaanza kukunja mkeka aliokuwa amewatandikia wageni.

Maiti pwani hapelekwi polepole. Walikwenda hima, wakipokezana mabega, wakitaja kalima, nami nyuma yao nusu natembea nusu nakimbia, rozari mkononi. Nilisema nusu yangu, nikanyamaza kadiri ya nusu yake, kisha nikaendelea. Sikuona ajabu yoyote. Yeye alikuwa pale mbele yangu, na zamu yake ilikuwa bado yake.

Tulipoingia mjini Bagamoyo mambo yakageuka. Mtu akiona jeneza linapita huacha alichoshika, akatia bega, hata kama hamjui maiti, maana kuna thawabu. Wakatoka madukani, wakatoka sokoni, wapagazi, Waarabu wenye majoho, wauza samaki na magamba mikononi, wote wakigombea kubeba. Ghafla mume wangu asiye na ukoo alikuwa na mazishi ya mtu mkubwa. Mmoja akauliza anaswaliwa msikiti upi. Mwalimu wa chuo alikaza macho mbele kama hakusikia. Tukapita msikiti wa kwanza, tukapita wa pili. Tulipoishika njia ya misheni, muuza samaki mmoja akageuka nyuma, akaniona mimi, akauona na msalaba wa rozari. Akatoa bega lake taratibu. Wa pili akafuata, na wa tatu. Hawakutukana, walijipangusa mikono tu wakarudi kazini. Nilikasirika, na hasira ile sikuitubu upesi. Tulifika kwa padre sisi wale wale tulioondoka Mlingotini.

Kengele ikalia. Wanaume wetu walisimama kando mpaka kaburi likajaa udongo, karibu na lile dogo. Baadaye padre akaniambia nisirudi. Kulikuwa na nyumba katika kijiji cha Wakristo, na wanawake niliokua nao. Alisema kwa upole, wala hakunikumbusha ile chumvi. Nilitamani, sitasema uongo. Lakini nilijua kwamba hapo ningesali kwa sababu kengele ingelia, na swali la mume wangu lingebaki bila jibu. Sasa lilikuwa swali langu. Nikawaomba wabebaji wanisubiri, nao wakanisubiri.

Nyumbani palikuwa pamefagiwa. Hapakuwa na mkeka wala mtu, na moto ulikuwa umezimika. Upande wa pili wa makuti jirani yangu alikuwa akikuna nazi. Nikaita shikamoo. Nikaita tena. Aliendelea kukuna. Nikakaa chini nikalia kwa sauti, bila kujizuia, maana hapakuwa na wa kumwonea haya.

Adhana ya magharibi ilipokwisha nikapiga magoti. Nikasema nusu yangu, nikanyamaza kama nilivyonyamaza njiani. Lakini mbele yangu hapakuwa na mtu tena. Nusu ya pili ilikuwa yake. Tangu tuoane sikuwahi kuisema mimi, na ulimi ulikataa kuichukua. Nikabaki hivyo hivyo mpaka magoti yakauma.

Kule kwa jirani kukuna kukakoma.

"Umeishia katikati," alisema kupitia makuti. Sauti ilikuwa kavu, na lile neno mwanangu halikuwamo.

Nikaishika rozari kwa mikono miwili.

"Miaka yote nawasikia. Hapo ilikuwa zamu ya mwanamume. Sasa hayupo. Malizia mwenyewe."

Nikamalizia. Nilisema yangu, nikasema na yake, punje baada ya punje mpaka ya mwisho, kwa sauti iliyokuwa ngeni masikioni mwangu. Hakuja kukaa nami jioni ile, wala jioni nyingine yoyote ya eda. Ila hakugusa nazi yake mpaka nilipokwisha.